Wema hautoshi wodini

KIBARAZANI, na Zuhura Semboja

Msafiri akirudi huulizwa mambo mawili: umetuletea nini, na watu wa huko wakoje. Jibu la swali la pili karibu kila mara ni hadithi ya mtu asiyejulikana jina. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekwenda Guangzhou kufuata mzigo atakusimulia kijana wa Kichina aliyemtoa kituo cha treni ya chini ya ardhi akamfikisha hadi mlangoni pa hoteli, mtaa wa Xiaobei, wala hawakuwa na neno hata moja la kuelewana. Aliyekwenda Istanbul kununua nguo, pale Laleli, atakusimulia mzee aliyemkaribisha chai na kumchorea njia nyuma ya risiti. Na wale wazee wetu waliosomeshwa Urusi bado wanamkumbuka bibi wa kwenye basi aliyewafunga skafu shingoni barabara, huku akiwagombeza kwa Kirusi kama wajukuu zake.

Hadithi hizi nazipenda, na kibarazani kwetu haziishi. Tatizo langu ni pale msimulizi anapofika mwisho, anashusha sauti, anasema: upendo hauna lugha. Wote wanaitikia kweli kabisa, chai inamiminwa tena. Mimi hapo hukaa kimya kwa adabu tu. Upendo una lugha. Asiye nayo inabidi afanye kazi ya ziada, na kazi hiyo ina mahali inapofika ikakwama.

Tuanze na kazi yenyewe, maana hatuiheshimu vya kutosha. Mtu anayekusaidia bila kukuelewa hutumia akili nyingi. Lazima akisie unataka nini, ajaribu, akuangalie usoni kama amepatia, ajaribu tena. Anapoteza muda wake, anaacha foleni yake, wenzake wanamcheka. Guangzhou kazi hiyo imeshakuwa ufundi: muuzaji anaandika bei kwenye kikokotoo, unafuta, unaandika yako, anafuta kwa kulalamika. Kikokotoo kisipokuwepo kuna vidole. Kidole gumba na kidole cha mwisho vikinyooshwa ni sita. Gumba na cha shahada ni nane, ingawa mgeni anaweza kudhani ametishiwa bastola. Vidole viwili vikipishana msalaba ni kumi. Wafanyabiashara wetu wengi huzijua hesabu hizo kabla hawajajua salamu.

Ila sokoni pana faida. Mawinga, wale madalali wa Kariakoo, nao wamejifunza maneno ya Kibemba na Kichewa kwa sababu ya wateja wa Zambia na Malawi, na sijamsikia mtu akiwaita mawalii. Winga anayembebea mama wa Lusaka mzigo wake hadi kwenye basi ni mwema, na asilimia yake imo humo humo ndani ya bei. Si vibaya. Nasema tu kwamba biashara hujifunza lugha upesi kwa kuwa ukimya unaigharimu. Ninaotaka kuwazungumzia leo ni wale ambao hawakuwa wanauza kitu.

Nilikutana nao Chennai, mji ambao wazee wengi bado wanauita Madras. Nilimsindikiza mama mdogo, mkulima wa Lushoto, kwenda kubadilishwa vali ya moyo. Ilikuwa kabla ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kuanzishwa mwaka 2015, enzi ambazo mgonjwa wa moyo wa Kitanzania aliyepata rufaa, au ambaye ndugu zake waliuza shamba, alipelekwa India. Sisi tulikuwa wa shamba.

Tulikwenda tukidhani Kihindi tunakijua kidogo. Kizazi cha mama mdogo kilikua na filamu za Bombay. Dar es Salaam palikuwa na Avalon na Empress, mikoani nako sinema zilijaa, na watu waliimba nyimbo nzima bila kujua maana yake. Mama mdogo alikuwa na maneno yake kadhaa, mengi ya mapenzi na kisasi, ambayo sikuona yatatusaidiaje duka la dawa. Hayakutusaidia popote. Chennai ni mji wa Watamil, na Kitamil hakina undugu na Kihindi. Mwaka 1965 watu wa jimbo la mji huo waliandamana na wengine wakafa wakipinga Kihindi kufanywa lugha pekee ya serikali kuu, na tangu 1968 sera ya shule zao ni Kitamil na Kiingereza. Kumsemesha Kihindi cha sinema mwenye duka wa Chennai ni kujitafutia jibu la mkato. Kigujarati tulichozoea kukisikia mitaa ya Kisutu nacho ni cha upande mwingine kabisa wa nchi.

Mimi Kiingereza ninacho, na madaktari wanacho, kwa hiyo ofisini tulielewana. Lakini mgonjwa haishi ofisini kwa daktari. Tulipanga chumba katika vichochoro vya Greams Road, eneo lililojaa nyumba za wageni za wagonjwa na wasindikizaji wao. Huko unajipikia mwenyewe, jiko la pamoja ukumbini, na majirani wametoka kila pembe. Mwenzetu wa mlango wa pili alikuwa mama wa Kibengali aliyemleta mumewe. Tulimwita Mama Jiko, kwa sababu ndiye aliyetufundisha kuwasha lile jiko la gesi lililokuwa na tabia zake, na kwa sababu jina lake kila tulipolitamka alicheka mpaka akakaa chini.

Mama Jiko alimchukua mama mdogo kama mzigo wake. Alimpeleka sokoni akimshika kiwiko. Bei alimwandikia kwa kalamu kiganjani ili muuzaji asimzidishie. Aligundua kwamba mgonjwa wetu hapaswi kula chumvi, sijui aligunduaje, akawa anaonja sufuria yetu kabla haijaepuliwa na kukunja uso ikizidi. Walitofautiana kwenye samaki tu. Mama mdogo aliwaona vibua akafurahi kama yuko Tanga. Mama Jiko, mtu wa samaki wa mtoni na mafuta ya haradali, aliwanusa akageukia ukutani. Walifanya mzaha huo kila vibua waliponunuliwa, hawakuuchoka.

Mwingine alikuwa mlinzi wa nyumba ile, kijana wa Assam, huko kaskazini mashariki, kwao mbali na Chennai kuliko Kigoma na Dar es Salaam. Usiku mmoja tulihitaji dawa, nikashindwa kabisa kuelewa duka la usiku liko wapi. Alinichorea ramani: hospitali msalaba, msikiti mwezi, duka kidonge. Akaitazama ramani yake, akaona haifai, akafunga geti na kutembea nami hadi kule, akasubiri, akanirudisha. Tajiri wake angemkuta hayupo getini, kazi ingekuwa imekwisha.

Baadaye ndipo nilipoona kwamba hawa wawili hawakuwa wenyeji. Kitamil hawakukijua, labda zaidi ya maneno ya dukani. India ina lugha 22 katika orodha ya katiba yake, na noti ya rupia ina thamani iliyoandikwa kwa lugha 17. Maana yake ni kwamba mamilioni ya Wahindi wakipanda treni kwenda kutafuta kazi au tiba huwa wageni wa lugha ndani ya nchi yao wenyewe. Mlinzi wa Assam alishapotea Chennai kabla yetu. Mama Jiko alishatapeliwa sokoni kabla yetu. Huruma yao ilikuwa ujuzi wa watu waliokwishapita njia hiyo, na nadhani ndiyo sababu walikisia vizuri kuliko wenyeji, ambao walitupenda, wakatupandishia sauti kwa Kitamil wakiamini tukisikia vizuri tutaelewa.

Hapa sitaki kuwapamba watu wote. Asiye na lugha hupoteza pia kipimo. Nyumbani, mtu akikusogelea kituo cha basi cha Magufuli pale Mbezi na tabasamu lake, unamjua kwa maneno mawili: lafudhi, haraka yake, namna anavyokwepa swali. Ugenini tabasamu la mlinzi wa Assam na tabasamu la dereva wa bajaji anayekupeleka kwenye nyumba inayompa kamisheni ni tabasamu moja. Tuliwapata madereva hao. Kuna mgonjwa mwenzetu aliyekataa msaada wa kweli kwa sababu siku ya kwanza alikuwa ameibiwa kwa mkono wa upole vilevile. Simlaumu. Hadithi za vibarazani hutusimulia wale ambao bahati yao ilikaa vizuri.

Sasa nifike nilikokusudia.

Mama mdogo alifanyiwa upasuaji, ukaenda vizuri, akapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi. Huko msindikizaji haruhusiwi kukaa. Unaingia dakika chache kwa saa zilizopangwa, umevaa joho na barakoa, unatoka. Hospitali, ambayo sitaitaja, ilikuwa na mkalimani wa wagonjwa wa kigeni, mtu wa Kiarabu na Kiingereza, na kazi yake ilikuwa ya mchana. Usiku mama mdogo alizinduka peke yake, mabomba kila upande, koo limekauka kwa sababu ya mpira uliokuwa umetolewa. Akaomba maji. Aliomba kwa Kiswahili, halafu maumivu yalipozidi akaomba kwa Kisambaa, kama mtu yeyote anavyorudi kwenye lugha ya mama yake akizidiwa.

Muuguzi alikuwa binti wa Kerala, kama walivyo wauguzi wengi wa kusini mwa India. Alielewa kwamba mgonjwa ana kiu. Lakini baada ya upasuaji wa moyo maji hupimwa, mwili usielemewe, na kipimo cha saa zile kilikuwa kimekwisha. Kumweleza hakuweza. Kwa hiyo alifanya alichoweza: alichukua pamba, akailowesha, akampitishia midomoni taratibu, mkono wake mwingine ukiwa juu ya paji la uso la mgonjwa. Akarudia mara nyingi usiku ule. Angeweza kwenda kukaa mezani kwake.

Mama mdogo ni Mwislamu wa Lushoto. Amekaa kando ya vitanda vya wazee wake wakati wa kuondoka kwao. Kwao, anayelazwa chali, akashikwa kichwa, akatiwa maji midomoni kwa pamba, ni mtu anayekata roho. Akajua ndiyo saa yake. Akaanza shahada. Usiku kucha alikuwa anajiandaa kufa mikononi mwa binti mpole, na moyo wake wenye vali mpya ukipiga kwa hofu kiasi kwamba mashine ilipiga kelele na daktari akaitwa.

Asubuhi nilipoingia alinishangaa, kama kwamba mimi ndiye niliyefufuka. Alipopata nguvu ya kusema alisimulia yote, na mpaka leo huyaweka pamoja bila kuona mgongano: yule binti alikuwa mwema sana, na yule binti alininyima maji. Yote mawili ni kweli. Wema ulikuwepo tele chumbani mle. Kilichokosekana ni sentensi moja: subiri mpaka alfajiri, maji mengi yatakudhuru, unaendelea vizuri.

Kwa hiyo mtu akiniambia upendo hauna lugha, namfikiria yule binti wa Kerala. Sokoni, jikoni, barabarani, wema wa mtu usiyemjua unaweza kuvuka. Ukikosea, utakula chumvi nyingi au utashuka kituo kisicho chako. Wodini mkono ule ule wa upole unaweza kubeba ujumbe wa kifo bila mwenye mkono kujua. Kumwachia muuguzi mwema, au jirani, au mlinzi, kazi ambayo taasisi ilipaswa kuipanga na kuilipia ni kuwatwisha watu wema lawama wasiyostahili.

Nchi nyingine zimeliona hilo. Norway ina sheria ya ukalimani iliyoanza Januari 2022, na isipokuwa kwa dharura na hali chache maalumu, ofisi ya umma hairuhusiwi kumtumia mtoto kuwa mkalimani wa mzazi wake. Marekani, hospitali zinazopokea fedha za serikali zinawajibika kumpatia mgonjwa mkalimani, na Wakongo waliohamia huko kutoka kambi za wakimbizi wanasikia Kiswahili kwenye simu ya daktari. Kuna vijana wetu wanaokula kwa kazi hiyo, wamekaa nyumbani na vifaa vya masikioni, wakitafsiri kisukari na presha kutoka jimbo moja hadi jingine.

Hapa kwetu tunajiambia hatuna tatizo hilo kwa sababu tuna Kiswahili. Ni fahari ya kweli, siibezi. Lakini fahari nayo inaweza kuziba masikio. Nenda Mbulu, eneo la Haydom, ambako Wairaqw, Wadatoga, Wanyisanzu na Wahadzabe wanaishi jirani, wenye lugha ambazo asili zao hazikaribiani hata kidogo. Vijana wao wengi wanazungumza Kiswahili. Bibi zao si wote. Bibi huyo akipewa rufaa kuja mjini hugeuka mgeni kamili, tena bila pasipoti, na hakuna anayemhesabu kuwa mgeni. Dirishani anaulizwa kwa Kiswahili cha haraka, anaitika ndiyo kwa kila swali, fomu inajazwa.

Anayemtafsiria ni mjukuu. Nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali zetu nikamwona kijana wa miaka kumi na minne hivi akimuuliza bibi yake, mbele ya foleni, kama anatokwa na damu sehemu za siri. Bibi alimtazama, akasema hapana. Wewe ungesema nini? Daktari akaandika hapana. Wakati mwingine mjukuu hayupo, na hapo huitwa mfagizi, au mlinzi, au mgonjwa mwingine anayesikia lugha hiyo, ajue siri zote za mtu ambaye watapanda naye gari moja kurudi kijijini.

Ajabu ni kwamba mahakamani tulishaliona hili. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi uliotolewa kwa lugha asiyoielewa mshtakiwa aliyepo mahakamani atafsiriwe kwa lugha anayoielewa. Kenya wameliweka kwenye Katiba yao ya 2010, Ibara ya 50: mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi apewe mkalimani bila malipo. Ni haki, na iendelee. Lakini inamaanisha kwamba aliyeshtakiwa kwa kuiba kuku anahakikishiwa kuelewa yanayosemwa juu yake, na bibi anayekatwa tumbo anategemea kama mfagizi wa zamu ni wa kabila lake.

Na sasa tunataka wageni waje. Serikali inahimiza tiba utalii, wagonjwa wa Comoro wanakuja kwa madaktari wetu wa moyo, Muhimbili imekuwa ikipandikiza figo tangu Novemba 2017, na tungependa Wazambia na Wamalawi waje kwa wingi. Karibuni. Lakini yule mama wa Comoro akizinduka usiku chumba cha mahututi akaomba kitu kwa Kikomoro, nani atamwambia kwa nini hapewi? Kikomoro kinakaribiana na Kiswahili kiasi cha kumdanganya muuguzi kwamba ameelewa, na huko ndiko makosa yanakozaliwa. Winga wa Kariakoo amejiandaa kumpokea mgeni kuliko wodi.

Sitaki kuambiwa hakuna fedha. Sijaomba idara ya ukalimani yenye mkurugenzi na gari. Kila hospitali kubwa ya nchi hii tayari ina wafanyakazi wanaozungumza lugha kumi au ishirini: wauguzi, wahudumu, wapishi, madereva, walinzi. Waandikwe. Karatasi moja ibandikwe chumba cha wauguzi, jina, lugha, namba ya simu, zamu. Wafundishwe mambo machache: kutunza siri, kutoongeza lao, kusema sijui pale wasipojua neno la ugonjwa. Muuguzi afundishwe kutomtumia mjukuu kama kuna mtu kwenye karatasi. Lugha ya alama iwemo, kwa sababu kiziwi naye ni mgeni katika kila dirisha tulilojenga.

Na waitwapo walipwe. Mfagizi anayeacha fagio lake kwenda kueleza upasuaji kwa Kidatoga anafanya kazi ya pili ambayo haimo katika mkataba wake, na mpaka sasa tunamlipa kwa kumwambia ana roho nzuri. Hospitali hizo hizo zina fungu la posho za vikao. Wajumbe wa kikao kijacho waketi, wajadili hili, na posho ya siku hiyo wamwachie mfagizi.